Miche Chini ya Mipera

Vijana wa kituoni mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, ili wanaokuja nyuma wapate cha kusoma mvua inapowafungia stoo. Nimekubali, ingawa najua mnachotarajia: visa vya nyoka, chui ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na jinsi mimi, Mzee Shivachi wenu, nilivyoujua msitu mti kwa mti. Kuhusu vyeo sitasema lolote. Viko kwenye faili, na mnajua mchwa wamezifanya nini faili zetu. Nitaeleza nilivyoingia, nani alinifundisha, na jambo moja nililolitenda ambalo wengi wenu mmelisikia vipandevipande. Afadhali mlisikie lote, na mlisikie kutoka kwangu.

Nilifika msituni nikiwa na cheti kipya, viatu vya ngozi na kitabu kikubwa cha mimea chenye picha za rangi. Viatu vilidumu siku mbili. Siku ya tatu mtunza stoo alinihurumia akanipa gambuti za mtu aliyehamishwa. Zilinizidi saizi mbili, nikazivaa na soksi tatu.

Kazi yenyewe, kwa wale ambao bado ni wageni, ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Ndani ya msitu na pembezoni mwake kuna viwanja vilivyopimwa kwa kamba, hatua ishirini kwa ishirini, na kila kona ina kigingi cha chuma kilichopakwa rangi nyekundu. Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, mnaingia katika kila kiwanja na kuhesabu. Mti mkubwa unazungushiwa utepe kwenye kimo cha kifua. Mche unahesabiwa hata ukiwa na majani mawili tu. Nyasi, magugu, vichaka, chochote kilichoota kinaandikwa. Ukihesabu kiwanja kimoja mara moja hujajua kitu. Ukirudi pale pale miaka mingi ndipo unaona msitu unakoelekea: mimea gani inasonga mbele, ipi inarudi nyuma, na mgeni gani ameingia bila kubisha hodi.

Aliyenifundisha ni Mzee Ambani wa Malinya. Alikuwa kibarua wa muda mrefu, akija kila asubuhi kwa baiskeli yenye breki moja, na shule aliiacha darasa la tatu. Ulimi wake mara nyingi uligeuza l kuwa r. Kituo kilimwita mwongozaji. Mimi, mwenye cheti, nilikuwa mwandishi. Kwa maneno mengine yeye alijua na mimi niliandika.

"Hicho kitabu kinasema nini?" aliniuliza asubuhi ya kwanza, tukiwa chini ya mti ulionyooka mpaka kilele hakionekani.

"Kinasema nitazame maua."

Alitazama juu, kisha akanitazama mimi. "Maua yako huko juu kwa kima. Wewe utafika?"

Akachomoa panga, akachanja gome kidogo tu, kama mtu anayekata ukucha, akanisogeza pua pale. "Nusa. Hii ni mwiritsa. Ukivunjanga kokwa ya pichi, si ni harufu hii? Mti haufichangi jina yake, Habili. Ni wewe hujauurizia vizuri."

Hivyo ndivyo nilivyosoma upya. Nilinusa magome, nikaonja utomvu na kutema, nikapitisha majani mdomoni kuhisi kama yana manyoya. Wakati mwingine alinifumba macho kwa leso yake, na ile leso, niseme ukweli, ilikuwa na harufu zake pia. Siku niliyoitambua miti ya musutsu, lusiola na mukomari bila kuona, hakunipongeza. Alisema tu kwamba sasa naweza kuanza kazi.

Kitu kigumu zaidi kilikuwa miche. Mti mzima una tabia zake, lakini mche wa majani mawili hufanana na mche mwingine wowote. Mara moja tulibishana juu ya mche mmoja karibu saa nzima, siafu wakitupanda ndani ya gambuti. Mimi nilitaka kuandika jina lolote tuondoke, maana wingu la mvua ya mawe lilikuwa limeshaiva upande wa Lurambi.

"Andika haujulikani," Mzee Ambani alisema. "Kwani mti utakasirika? Tutarudi ukikomaa."

Nikaandika haujulikani. Tulirudi baada ya miezi sita ukawa ni mukomari. Mzee alifurahi kana kwamba amepata mjukuu.

Sasa niwapeleke kwenye kiwanja cha kumi na moja. Kipo pale msitu unapokutana na uwanda wa nyasi, ule ambamo ng'ombe wa vijiji vya jirani wamekuwa wakichungwa tangu zamani. Nilipoanza kazi, nusu ya kiwanja ilikuwa miti na nusu nyasi tupu. Kisha mipera ikaja. Hakuna aliyeipanda. Ng'ombe walikula mapera nyumbani, wakaja kuacha mbegu uwandani, na kima na ndege wakamalizia. Kila msimu niliandika mipera iliyozidi kidogo ya msimu uliopita, na baada ya miaka kadhaa uwanda wote ulikuwa umetapakaa mipera, mifupi, yenye magome laini yanayobambuka.

Wakubwa walipokuja kutembelea walishika viuno. Huyu ni mgeni, walisema, mgeni mvamizi, atameza uwanda na kisha msitu. Hawakukosea sana. Katikati ya uwanda, chini ya mipera, hakukuwa na kitu isipokuwa watoto wa mipera. Lakini Mzee Ambani alinionyesha jambo jingine kule pembeni, karibu na msitu. Ndege walioshiba matunda ya msituni walikuja kutua kwenye mipera kula mapera, wakidondosha mbegu za miti yetu. Kivuli cha mpera kilikuwa kimepunguza nguvu ya nyasi. Chini yake kulikuwa na lusiola, mukomari, mwiritsa, midogo kama vidole, miti ambayo kwa miaka mingi haikuweza kuvuka kuingia kwenye nyasi.

"Mpera ya katikati ni mwizi," alisema, akiinua tawi kwa mgongo wa panga ili nione. "Mpera ya hapa pembeni ni yaya. Unaona vire inarea watoto wa wenyewe? Ukikata yaya, watoto wataangariwa na nani?"

Nilicheka, nikaandika. Msimu huo niliandika vizuri.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mke wangu na mimi tulikuwa na shamba la miwa Kabras. Mnaolima miwa mnajua: ikikomaa, na trekta ikipatikana, hakuna cha kesho. Kiwanja cha kumi na moja ndicho kilichokuwa mbali kuliko vyote, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, na ukilowa njiani unarudi jioni unatetemeka. Msimu mmoja wakataji miwa walikuja wiki ile ile ya kuhesabu. Nilimwambia Mzee Ambani aende na kibarua mwingine viwanja vya kaskazini, mimi nitashughulikia cha kumi na moja peke yangu. Nikaenda Kabras. Niliporudi, fomu ilikuwa inasubiri mezani ikiwa tupu. Nilifungua daftari la zamani kabisa, la kabla mipera haijawa na kivuli, nikanakili namba zake za miche. Nikabadilisha namba mbili tatu ili zisifanane mno. Sehemu ya miche chini ya mipera nikaweka sifuri, sifuri, mbili, sifuri. Ile mbili ilikuwa ya kupendeza macho.

Kwa nini sikuchukua daftari la msimu uliopita? Nimejiuliza sana. Lile lilikuwa limejaa majina, mistari na maswali ya Mzee. Kulifuata kungehitaji kufikiri miche ingekuwa imekua kiasi gani, ipi imekufa, ipi mipya. Sifuri haihitaji kufikiri. Na lile lenye ukweli nililirudisha chini kabisa ya rundo, mahali ambapo mtu hatafuti.

Mara ya kwanza nilijiambia ni dharura. Msimu uliofuata miwa haikuwa na shida yoyote, na bado sikwenda. Hapo ndipo nataka msome polepole. Sikwenda kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyegundua. Nilikaa stoo na chupa ya chai, nikajaza fomu kwa nusu saa, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilifanya hivyo misimu minne mfululizo. Kila mara nilimtuma Mzee Ambani kwingine, na kila mara alikwenda bila kuuliza. Alikuwa ananiamini.

Kisha ukaitishwa mkutano wa mipera. Ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo karibu na uwanda, watu wakiketi kwenye madawati yaliyotolewa darasani. Alikuwepo chifu, wazee wa vijiji, akina mama wa kuni, mkuu wetu wa kituo, na afisa mmoja kutoka ofisi ya juu aliyekuja kuamua kama mipera yote ikatwe au isikatwe. Wananchi wengi walitaka ikatwe. Wachungaji wa ng'ombe walitaka nyasi zao, akina mama walitaka kuni, na kuni za mpera ni nzuri, zinashika moto kwa muda mrefu. Afisa alikuwa mtu wa kusikiliza. Aliuliza swali moja tu la maana.

"Nimesikia wengine wanasema miti ya msitu inaota chini ya mipera hii ya pembeni. Ni kweli? Mwenye kumbukumbu za viwanja ni nani?"

Mkuu wa kituo akanionyesha kidole. Nikasimama na daftari.

"Bwana Shivachi, kumbukumbu zako zinasemaje?"

Nilifungua ukurasa. Sifuri, sifuri, mbili, sifuri. Misimu minne, kwa mwandiko mzuri.

"Hakuna miche ya maana, bwana," nikasema.

Mzee Ambani alikuwa ameketi nyuma karibu na ukuta wa darasa. Alisimama bila kuinua mkono. "Iko," alisema. "Mimi nimepita huko juzi nikienda kwa dada yangu. Iko mingi. Iko lusiora, iko mukomari, iko miwiritsa. Ukiinua tawi utaiona."

"Karatasi inasema hakuna, mzee," afisa alimjibu kwa upole.

"Karatasi sijui. Mimi nimeona." Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo. "Habili. Si waambie."

Uwanja wote ulinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, bwana, zile namba si sahihi, niruhusu nikahesabu upya. Maneno kumi hivi. Kama ningeyasema, ningeulizwa kwa nini, na baada ya kwa nini ningeulizwa nilikuwa wapi. Nilimtazama mtu aliyenifundisha kila kitu nilichokijua, nikasema:

"Mzee wetu macho yamechoka."

Watu walicheka. Si kwa ubaya, ni kama wanavyocheka watu kwenye mkutano mrefu wakipata nafasi. Mzee Ambani alisubiri kicheko kiishe, kana kwamba bado alitarajia nitaongeza neno. Sikuongeza. Akachukua baiskeli yake pale ukutani na kuondoka akiisukuma, bila kuipanda.

Iliamuliwa mipera yote ikatwe, ya katikati na ya pembeni, kuanzia Jumatatu.

Jumamosi nilikwenda kiwanja cha kumi na moja peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Vigingi viwili vilikuwa vimefunikwa kabisa na majani, ikabidi nivitafute kwa kupapasa. Nikainua tawi la mpera wa kwanza. Mzee hakuwa ametia chumvi hata kidogo. Mingine ilikuwa imenifika magotini. Nilianza kuhesabu kwa sauti, kama alivyonifundisha, na nilipopita themanini nikanyamaza. Kulikuwa bado na nusu ya kiwanja. Nilikaa chini ya mipera ile, kwenye unyevu, na ndege juu yangu wakiendelea kula na kudondosha.

Nilikuwa na Jumapili nzima. Nyumba ya mkuu wa kituo haikuwa mbali na ya kwangu. Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba, nikarudi nyumbani, nikala.

Jumatatu watu walikuja na mapanga kama wanaokuja kwenye harusi. Kwa siku nne mipera ililala. Akina mama walibeba mizigo mpaka njia ikawa matope, na wote, wakubwa kwa wadogo, wakikanyaga juu ya ile miche, maana nani angejua? Karatasi ilisema haipo. Jua likaingia pale ambapo halikuwa limeingia kwa miaka. Miche iliyonusurika kukanyagwa ilikauka ndani ya mwezi mmoja.

Mvua zilizofuata zilileta vitu viwili. Visiki vya mipera vilichipua, kila kisiki mashina matano au sita badala ya moja, vichaka vizito vilivyobana mpaka chini. Na kati yao ikaingia lantana, ile ya maua mekundu na manjano, yenye miiba na harufu ya kuchefua. Hakuna kilichoota chini ya lantana. Ng'ombe hawakupata nyasi zao, akina mama walichanika mikono wakitafuta kuni, na msitu uliokuwa umeanza kupiga hatua kuingia uwandani ulirudi kwenye mstari wake wa zamani. Upo hapo hadi leo. Mkiingia kiwanja cha kumi na moja na panga na glavu, mjue mnapita katika kazi ya mikono yangu.

Kuhusu Mzee Ambani: miezi mitatu baada ya mkutano mkataba wake wa kibarua haukuandikwa upya. Mkuu wa kituo alisema hawezi kumweka mwongozaji ambaye macho yamechoka, tena alisema ni mimi niliyeliona jambo hilo. Nilipewa kazi ya kumpelekea barua. Nilimtuma mtu mwingine nayo.

Tangu hapo sikuruka kiwanja hata kimoja, hata msimu mmoja. Nilihesabu nikiwa na malaria. Nilihesabu siku ya pili baada ya kumzika mama yangu. Wenzangu walianza kunitolea mfano, wageni wakiambiwa kama hujui kuhesabu nenda na Shivachi. Mnaweza kudhani ilikuwa toba. Sidhani. Toba ingekuwa kwenda Malinya, mwendo usiofika saa moja kwa pikipiki, na sikwenda kwa miaka mingi. Kuhesabu kulikuwa rahisi zaidi.

Wengi wenu mnamjua Nasimiyu, mtafiti wetu. Alikuja kwetu akiwa na tableti yake na swali lisiloisha, akaomba kumbukumbu zote za viwanja ili aziingize kwenye kompyuta. Nilifurahi. Nilimbebea madaftari mwenyewe. Mwaka wangu wa mwisho kazini, asubuhi moja, alinifuata nikisafisha utepe.

"Mwalimu, kiwanja cha kumi na moja kimenishinda," alisema. "Misimu minne kabla ya mipera kukatwa, miche iliyokuwepo inatoweka ghafla, kisha namba zimesimama tu. Viwanja vingine vinapanda na kushuka, hicho hakisogei. Nilidhani ni ajabu, lakini kwa sababu ni wewe uliyehesabu, nimezikubali."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi nimeandika kwamba mipera ya pembeni haisaidii msitu, kwa hivyo kuikata hakupotezi kitu. Mkuu ameipenda sana. Upande wa mashariki wa msitu, kwenye mipera iliyoota baadaye, wataanza kukata mwezi ujao, pembeni na katikati."

Upande wa mashariki naujua. Nilikuwa nimeupita wiki ile ile. Chini ya mipera ya pembeni kule, miche ilikuwa imenifika kiunoni.

Nilichukua siku tatu. Siwezi kusema nilizitumia kusali au kutafakari. Nilizitumia kutafuta njia ya kuwazuia bila kujitaja: kwamba kuna mizinga ya nyuki, kwamba mvua ni nyingi, kwamba tusubiri. Siku ya nne nilimkuta stoo, nikafunga mlango, nikamwambia kila kitu, kuanzia miwa mpaka yale maneno kuhusu macho ya Mzee.

Hakunipigia kelele. Aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Na zingine?"

"Zingine ni za kweli."

"Nitajuaje, Mwalimu?"

Nilitaka kusema, kwa sababu nakuambia. Nikasikia jinsi ingesikika. "Huwezi kujua," nikamjibu.

Alichukua vibarua wawili akahesabu upya kila kiwanja, bila mimi. Hesabu za karibuni zililingana na zangu. Lakini za zamani hakuna wa kurudi nyuma kuzipima, na aliniambia hivyo waziwazi. Namba zangu zote, za miaka yote, sasa zina maelezo chini yake kwamba aliyezikusanya alikiri kughushi baadhi. Misimu ile minne ya kiwanja cha kumi na moja imeachwa tupu. Mkuu wa sasa wa kituo aliniuliza kwa nini sikunyamaza tu, ilhali nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Aliuliza kwa huruma. Nikarudia maneno yangu mbele ya kikao cha mipera ya mashariki, nikiwa nimesimama, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Mashariki walikata ya katikati wakaacha ya pembeni. Mnaweza kwenda kuona wenyewe: mukomari mmoja tayari umeupita mpera uliokuwa ukiufunika.

Nilidhani ningesikia nafuu. Ilinibidi kwanza niende Malinya.

Mzee Ambani sasa ana zaidi ya miaka themanini. Nilimkuta nje ya nyumba na mwanawe Jairus, mkwewe akipepeta maharagwe, na majirani wawili waliokuwa wakingoja mashindano ya mafahali ya jioni. Alinitambua kabla sijafika.

"Mulembe, Habili."

"Mulembe, Mzee."

Niliomba tuzungumze faragha. Alisema hana faragha, hapa ni kwao wote. Basi nikaanza, nikiongea chini chini, karibu na sikio lake. Nilipomaliza alininyooshea mkono, akionyesha waliokuwepo.

"Hao hawajasikia."

Nikasimama nikarudia kwa sauti. Nilisema miche ilikuwepo, kwamba baba yao aliona sawasawa, kwamba mimi sikuwa nimekwenda huko kwa miaka miwili, na kwamba niliposema macho yake yamechoka nilijua ni uongo. Jairus aliacha alichokuwa akifanya. Mkwe akaweka ungo chini.

"Mama alikufa akijua mzee alifukuzwa kwa sababu haoni," Jairus alisema. "Watu walikuwa wakimletea majani hapa awaambie ni dawa gani. Aliacha. Mtu akileta jani, anamwambia peleka kwa wenye karatasi."

Nilimgeukia Mzee nikamwomba anisamehe. Alikaa akitazama uwanja wake, taya zikitembea polepole kama mtu anayeonja kitu.

"Umenikuta niko hai," akasema mwishowe. "Hiyo ni bahati yako, si yangu. Mambo ya kusamehe nitafikiria."

Kisha akamwambia mkwe wake alete chai.

Mnaotoka huku kwetu mnajua mgeni wa umri wangu, asiyeonekana kwa miaka mingi, hapiti nyumba ya mtu wa Malinya bila kuchinjiwa ingokho, kuku wa heshima. Kuku walikuwepo, mmoja alipita katikati ya miguu yangu. Nililetewa kikombe kimoja cha chai, nikakinywa chote, nikashukuru, nikaaga.

Nimerudi mara mbili tangu siku hiyo. Bado ni chai.